Kipimo cha Nyota Mbili

Fundi wa kompyuta wa masjala ya ardhi alikuwa mtu wa maneno laini. Mkewe alimwambia siku moja kuwa hata nyumba ikishika moto, ataanza kwa kuuomba radhi moshi. Sasa mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa, na kalamu ya kuurefusha ilikuwa mfukoni mwa Mkurugenzi.

Kilichomsumbua ni seva, kompyuta kuu ya kutafutia mafaili. Kila siku saa tatu asubuhi inaganda, wananchi wanapiga miayo kwenye mabenchi, makarani wanageuza viti na kupiga soga. Fundi aliizima akaiwasha, akaifuta vumbi, akaiongezea feni. Wapi.

Jumatano akajifungia na kumbukumbu za seva, zinazoandika kila kilichotafutwa na kompyuta iliyotumika. Akakuta kwamba saa tatu asubuhi hiyo jambo moja limetafutwa mara kumi na tisa: alama ya nyota, herufi a, nyota. Nyota husimama badala ya herufi zozote zile. Ukiitanguliza, mashine haijui ianzie wapi, inabidi ipitie kila neno la kila faili. Na hiyo a imo karibu kila mahali. Mara zote kumi na tisa ilitumika kompyuta ya Mkurugenzi.

Akaenda kumwona.

"Habari za asubuhi, mkuu. Samahani, hivi asubuhi huwa unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu. Napima kama seva iko hai. Ikichelewa kujibu, napima tena. Kiongozi lazima afuatilie, au siyo?"

"Kweli kabisa, mkuu."

Hapo ndipo pa kusema kwamba anayeiua seva ni Mkurugenzi mwenyewe. Neno lilimfika kooni, akauona mkataba wake mezani, akalimeza. Aliona aibu, lakini alilimeza.

Angeweza kuizuia nyota ya mbele kwa kila mtu, ila angetakiwa kueleza kwa nini. Basi akaitegea kompyuta ya Mkurugenzi peke yake: akiandika nyota zake mbili, seva isitafute chochote, imjibu papo hapo, "Niko hai, Mkurugenzi."

Alhamisi mabenchi yalikuwa matupu kabla ya chai. Mkurugenzi alipima mara thelathini, akajibiwa mara thelathini. Ijumaa akasaini mkataba wa miaka miwili.

"Umeona faida ya kupima?" akamwambia fundi, akimpa mkono.

"Nimeiona, mkuu."

Jumatatu waraka ukabandikwa ukutani. Kwa kuwa kipimo cha Mkurugenzi kimeiponya seva, watumishi wote arobaini, kila mmoja kwenye kompyuta yake, waandike nyota, a, nyota, saa tatu kamili kila asubuhi. Msimamizi wa zoezi: Fundi wa Kompyuta.

Fundi aliusoma saa tatu kasoro dakika mbili. Nyuma yake makarani walikuwa wameshakaa kwa utii, vidole juu ya kibodi. Akageuka, akaanza kutafuta maneno laini, na dakika mbili hazikumtosha.