Goti la Zuwena

Ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo naikumbuka, mwanangu, hata rangi ya mkoba niliobeba. Nilitoka chumbani kwangu Kilburn, London, bila kujua ninakwenda wapi. Ndivyo nilivyokuwa. Mapinduzi yalinikuta darasa la sita Unguja, tukahama na wazee wangu, na shule nikaiacha mahali fulani njiani. Tangu hapo sikukaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili. Nimefua mashuka ya hospitali, nimekata tikiti za sinema, nimewasukuma wazee wa Kizungu kwenye viti vya magurudumu. Kila kazi niliiingia kwa kutaka kujua inavyofanywa, na nikishajua, miguu huanza kuniwasha.

Siku hiyo nilipanda basi la kwanza lililosimama. Niliteremka Kingsbury kwa sababu ya harufu ya bajia tu. Ndani ya duka la Mgujarati mmoja niliwakuta wanawake wawili wa Kipemba wakibishana kwa sauti, kana kwamba Uingereza nzima hakuna anayejua Kiswahili.

"Mie simpi mwanangu mwanamume nisiyemjua ampeleke miji ya watu," alisema mmoja, mnene, koti zito juu ya buibui. Huyo ndiye Bi Mize. "Kucheza mpira, acheze. Lakini nani atakuwa naye kule wanakobadilishia nguo? Nani atajua kama amesali?"

"Si umwambie huyo mwalimu atafute mwanamke wa kwetu."

"Atampata wapi? Kila mwanamke hapa ana kazi."

Nilikuwa na bajia mdomoni. Nikasema, "Mimi sina."

Bi Mize akageuka, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Na wewe nani?"

Aliniuliza mimi mtoto wa nani, nimekulia mtaa gani, nimesoma Kurani kwa nani. Bajia zilipokwisha alikuwa ameshagundua kwamba shangazi yake na mama yangu waliwahi kuazimana vyombo vya harusi. Wiki iliyofuata alinishika mkono mbele ya bintiye Zuwena, msichana mwembamba wa miaka kumi na saba, mrefu kuliko sisi sote, akaniambia, "Rukia, nakupa huyu. Akitoka nyumbani kwangu yumo mikononi mwako."

Ndivyo nilivyoingia katika ukocha, mwanangu. Mpira wa kikapu sikuujua. Niliingia kwa kuaminiwa na mama wa mtu.

Kocha wa timu ya wasichana pale chuoni alikosoma Zuwena alikuwa Bwana Dawson, Mwingereza mpole aliyefundisha hesabu. Alikuwa na wasichana watano wa kwetu ambao wazazi walikuwa wakiwazuia kusafiri. Mwaka wa kwanza nilibeba chupa za maji na kutafuta pembe safi ya kusalia katika kila ukumbi tuliokwenda. Lakini mimi siwezi kukaa karibu na jambo nisiliulize. Kwa nini filimbi imepigwa? Kwa nini yule ametolewa? Mwaka wa pili Bwana Dawson alichoka kujibu, akanipa daftari na kalamu, akatangaza mbele ya wote kwamba mimi ni kocha msaidizi. Nilikwenda na daftari lile mpaka sokoni, watu walione.

Kazi yenyewe aliniambia kwa maneno machache. "Mimi mpira unanivuta macho. Wewe usiutazame. Watazame wachezaji." Basi nikajifunza. Nilijua nani amekasirika kabla hajakasirika. Nilijua nani hakula, nani kalia chooni, nani anamwogopa mpinzani aliye mbele yake. Na nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho: Kiswahili. Watoto wa London wanakisikia, ingawa wanakujibu kwa Kiingereza. Pale kwenye benchi niliwanong'oneza nitakalo, na kocha alidhani ninawatuliza. Mara nyingi nilikuwa ninawatuliza kweli. Mara nyingine nilikuwa ninayapindua maneno yake kidogo, pale nilipoona mimi nimeona vizuri zaidi. Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyejua, ila mmoja, na huyo nilimhesabu kuwa wetu.

Huyo alikuwa Bwana Harbans, Kalasinga mzaliwa wa Mombasa, aliyestaafu akaishi Kenton. Alijitolea kuendesha saa ya mchezo katika ukumbi wetu. Meza yake ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye benchi letu. Kila tukikutana tulitaniana. "Bi Rukia, leo mtafungwa ngapi?" "Wewe bonyeza saa yako, mzee, mpira tuachie wenyewe."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mechi ya nusu fainali, nyumbani kwetu. Chuo kilikuwa kinafikiria kuanzisha timu ya pili ya wasichana, na mimi nilikuwa nimeshajiona nimeikamata. Nilijiambia kwamba tukifika fainali, hawatatafuta mtu mwingine. Sikumwambia yeyote, lakini fikra hiyo ilikaa nami kwenye benchi siku nzima.

Robo ya tatu Zuwena aliruka kuudaka mpira, akatua vibaya, akashika goti. Bwana Dawson alimtoa mara moja. Akaja kukaa ubavuni kwangu, jasho linamtiririka chini ya kitambaa cha kichwa.

"Linauma?" nikamuuliza.

"A bit, Anti," akasema, yaani kidogo tu.

Nililishika. Lilikuwa la moto na limeanza kujaa. Nililiona, mwanangu. Sitaki uje useme kwamba Bi Rukia hakuona.

Zilipobaki dakika sita tulikuwa nyuma, na wenzake wamechoka. Bwana Dawson aliomba mapumziko mafupi, akaja akachutama mbele ya Zuwena. "Goti vipi?" alimuuliza kwa Kiingereza.

Zuwena hakumjibu. Alinitazama mimi.

Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti laini kana kwamba ninampa pole, "Mwambie zima. Dakika sita tu, mama."

"I'm fine, sir," akasema.

Bwana Dawson akainua uso. "Rukia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Aliingia. Alifunga mara mbili, na ukumbi ulitetemeka, na mimi nilisimama nikipiga makofi kama mwendawazimu. Mara ya tatu aligeuka kukimbia kurudi nyuma, na goti halikugeuka naye. Sitakueleza ukelele wake. Bwana Harbans alisimamisha saa kabla hata ya filimbi.

Gari la wagonjwa lilimchukua, na Bwana Dawson akapanda naye. Mechi ikaisha vibaya, watu wakaondoka. Nilibaki nikiokota mipira. Bwana Harbans alikuwa akikunja waya wa saa yake polepole, mkononi na kwenye kiwiko, kama mtu anayekunja kamba.

"Nilikusikia," akasema, bila kunitazama.

Nikaendelea kuokota mipira.

"Mwaka mzima nakusikia. Nilisema, huyu anawapenda watoto, acha. Kosa langu hilo, nimeshalijua. Leo je?"

"Bwana Harbans, wewe ni wetu," nikamwambia. "Unajua Wazungu hawa. Nikisema, watanifukuza."

"Ndiyo, mimi ni wenu," akajibu. "Ndiyo maana nakwambia wewe kwanza. Jumatatu mama yake atakuja hapa, na atamlaani yule bwana ambaye hakufanya kitu ila kukuuliza wewe. Ukimwacha alaaniwe, mimi nitasema. Lakini ukisubiri niseme mimi, utakuwa huna hata ukweli wako mwenyewe." Akaubeba mfuko wake, akaenda zake.

Jumatatu Bi Mize alikuja na wanawake wenzake watatu. Walisimama katika ofisi ndogo ya Bwana Dawson, hakuna aliyekubali kukaa. Kiingereza cha Bi Mize kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo nani atafsiri? Mimi.

"Mwambie," Bi Mize alianza, "mwambie kwamba amemvunja mwanangu kwa ajili ya mchezo. Mwambie kwamba sisi si wajinga. Wasichana wetu wote watano leo wanatoka, na vyuo vingine tutavitangazia."

Nilitafsiri. Bwana Dawson alikuwa hajanyoa ndevu. Alisema kwa upole, "Mwambie ana haki. Uamuzi ulikuwa wangu. Nilipaswa kuliona."

Hapo ndipo nilipoulizwa jambo, ingawa hakuna aliyeuliza. Kilichotakiwa kwangu ni kuyageuza maneno yale tu, na ningetoka mlangoni mwalimu akiwa na lawama na mimi nikiwa na kazi. Wasichana wanne waliobaki wazima walikuwa wamesimama nje ya kioo, wanangoja wajue kama wamekwisha.

Nikamwambia Bi Mize, "Amesema uamuzi ulikuwa wake. Si kweli. Aliniuliza mimi. Nililishika goti, nilijua ni bovu, nikamwambia Zuwena aseme zima, kwa Kiswahili, ili huyu asifahamu." Kisha nikamgeukia Bwana Dawson, nikayarudia yote kwa Kiingereza, neno kwa neno. Mtu akiungama mara moja anaumia mara moja. Mimi siku ile niliungama mara mbili, na mara ya pili ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshayasikia.

Bwana Dawson aliinama, akaitazama mikono yake, mikono ya mtu wa chaki. "Nilikuuliza kwa sababu wewe huona," akasema tu.

Bi Mize yeye hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Yeye sikumpa mwanangu, Rukia," alisema. "Nilikupa wewe."

Halafu akaketi, kwa mara ya kwanza. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwambia mwenzake mmoja, "Watoto waendelee. Huyu bwana hana kosa. Lile benchi nitakaa mwenyewe." Na akalikaa, mwanangu, miaka minne, na kisomo chake na thamosi yake ya chai, na nasikia waamuzi walimwogopa.

Zuwena alipasuliwa. Alitembea vizuri, lakini kucheza hakucheza tena. Nilipomtembelea hospitalini aliniamkia kama kawaida, kisha akasema kwa Kiswahili, na kabla ya siku ile hakuwahi kunijibu kwa Kiswahili, "Mimi nilikutazama wewe, Anti."

Niliacha kazi kabla sijaachishwa. Bwana Dawson aliniambia kuna chuo upande wa mashariki, kinatafuta msaidizi. "Waandikie," akasema. "Waandikie na hili pia." Nikaandika, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita, na hili pia. Walikaa mwezi mzima, wakaniita.

Nilifika Barking, huko mashariki ya London, na mabegi mawili, mvua inanyesha, nikagonga mlango wa mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na chumba. Alinifungulia huku mtoto yuko mgongoni.

"Unatumika kazi gani?" akaniuliza.

"Msaidizi wa kocha wa mpira."

"Na kule ulitoka muzuri?"

"Hapana," nikasema. "Nilidanganya, mtoto wa mtu akaumia."

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, maji yakitiririka kwenye koti langu. Kisha akatoa ufunguo mfukoni mwa aproni. "Chumba iko juu. Maji ya moto ni asubuhi tu, usinimalizie."

Nililala pale miaka tisa, mimi ambaye sikuweza miaka miwili.

Basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi ya kukaa pembeni ya mkubwa, sikia. Aliye pembeni ameajiriwa kwa macho yake na kwa ulimi wake. Ukikubaliana na mkubwa wako, mwambie. Usipokubaliana naye, mwambie pia, mlango ukiwa umefungwa, kwa lugha anayoifahamu. Usiwe na maneno ya mbele na maneno ya pembeni. Lugha ya nyumbani tumepewa tufarijiane, usiifanye pazia. Na mtoto akikutazama kabla hajajibu, jua kwamba jibu lake umeshalibeba wewe. Ukikosea, nenda ukaseme mwenyewe, mapema, mbele ya uliyemkosea na mbele ya anayelaumiwa kwa ajili yako. Utapoteza kazi, pengine. Kazi zipo.

Mungu akupe macho yasiyofumbwa na tamaa. Akupe ulimi usiotetemeka penye haki. Na kila mtoto atakayekabidhiwa kwako, Mungu amrudishe kwa mama yake akitembea kwa miguu yake miwili. Amin.