Nyumba ya Mbinga Ziwani

Watu huniuliza nilivutiwa na nini hata nikasomea shahada ya uzamili ya majengo yasiyokula kuni wala nishati nyingi. Wanategemea niseme nayapenda mazingira. Nyoo! Nilivutiwa na hasira. Kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka kumkomesha, naye ni baba yangu mdogo.

Baba alipofariki alimwachia mama mikaratusi kwenye mteremko wa shamba letu la Mpepai, Mbinga, chini ya kahawa. Waliipanda wawili, yeye na mama, na mama ndiye aliyeimwagilia. Ulikuwa ule wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ushirika umelegea, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda na kushuka na malori, na baba mdogo akawa wakala wao. Akapata fedha, akapata na kiburi. Kwetu Umatengoni wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mzee, tunaita sengu, na mambo ya ukoo huamuliwa hapo hapo. Baba mdogo alinawa mikono, akatamka mbele ya wote: "Mjane hana miti. Miti ni ya ukoo." Hakuna aliyefungua kinywa, maana kahawa yao wote ilipita mikononi mwake. Nusu ya mikaratusi ikaangushwa, ikaingia kwenye tanuri lake la matofali. Mama alikaa jikoni akisikiliza mashoka, wala hakulia. Mimi nililia kwa niaba yake, kisha nikaapa.

Chuoni Dar es Salaam habari za hewa ukaa zilikuwa ngeni hata kwa baadhi ya walimu wetu. Mhadhiri mmoja alitufundisha kukokotoa kuni zinazoteketea mpaka tofali moja liive, na wenzangu wakapiga miayo. Mimi sikupiga. Nilikuwa naiona miti ya mama ikiingia motoni, tofali kwa tofali. Niliporudi likizo, baba mdogo alinicheka mbele ya wageni wake: "Elimu yote hiyo, mwanangu, unarudi kusomea udongo? Udongo si umeuacha hapa hapa?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba mdogo," nikainamisha kichwa kwa adabu zote. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku hizo mimi nilikuwa nguoni mwake.

Sasa sikilizeni alivyofanya na matofali yale. Aliyashusha kwa lori mpaka Mbamba Bay akajenga nyumba ya kifahari, apumzikie ziwani kama bwana mkubwa. Lakini mtu wa juu milimani ni mtu wa juu. Mbinga adui yetu ni baridi. Tunajenga madirisha madogo, hatuhangaiki na kibaraza, na jua tunalikaribisha ndani liotwe. Basi naye akaitelemsha nyumba ya Mbinga, nzima nzima, akaiweka kwenye joto la ziwa. Bati tupu bila dari. Vidirisha vya kuchungulia. Ila sebuleni akaweka kioo kikubwa kisichofunguka, kimeelekea ziwani apate kuyatazama maji. Ziwa letu liko magharibi, jamani! Jua lote la alasiri likawa linaingia humo bila hodi. Watu wa pwani ile waliiona, wakanyamaza. Nani amwambie tajiri?

Nikiwa mwaka wa mwisho, mama alinitumia ujumbe kwa dereva: njoo, wanataka kumalizia. Kamati ya ujenzi ya zahanati kule Mbamba Bay ilikuwa inataka wodi ya wazazi, na baba mdogo ameshaahidi kuwapa matofali ya kuchoma. Kuni atatoa wapi? Ile nusu iliyobaki. Sengu ilishakubali.

Nikashuka Mbamba Bay kwa jina la utafiti. Niliomba ruhusa kwa baba mdogo nitundike vipimajoto nyumbani kwake, akafurahi akidhani nyumba yake imechaguliwa kwa uzuri. Kingine nikakitundika kwa jirani yake, kwenye nyumba ya udongo yenye paa la nyasi na baraza pana. Kisha nikaichorea kamati mchoro bure: matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, saruji kidogo tu, yanakauka kivulini, hayaguswi na moto. Walipokutana kanisani walisitasita. Mwenyekiti akasema udongo ni umaskini.

"Basi msiamue kanisani," nikawaambia. "Kaeni kwa baba mdogo, muone nyumba ya kisasa." Baba mdogo akaitikia upesi, akachinja kuku, akaagiza na mbasa, samaki wa ziwani. Saa nilipanga mimi. Saa nane mchana, mwezi wa Oktoba.

Walikaa. Wali wa moto, mchuzi wa moto, chai ya moto, na bati linalia juu kwa joto. Mgeni haondoki kabla ya kula, na mwenyeji hajui kupakua kidogo. Mwenyekiti alifungua kifungo cha shati, kisha cha pili. Mzee mmoja akaomba kwenda kujisaidia, hakurudi. Mimi nilikaa pembeni namwangalia baba mdogo akijifuta jasho na kitambaa huku akisifia uimara wa ukuta. Moyo wangu ulikuwa baridi kuliko Mbinga ya Juni. Nilifurahi, msinidanganye kwamba si vizuri kufurahi.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeweka sahani chini. "Samahani, baba," akasema, "mama mwenye uchungu nimlaze humu? Na kichanga je?"

Wakahamia wote barazani kwa jirani, na mkutano ukaishia huko, kwenye kivuli cha nyumba ya udongo. Sikuhitaji hata kuwasomea vipimajoto. Waliamua matofali yasiyochomwa, na paa lenye dari na baraza. Tanuri la baba mdogo likabaki bila kazi, na miti ya mama ikabaki imesimama.

Malipo ni hapa hapa duniani. Mwaka uliofuata baba mdogo alinijia mwenyewe, sauti imeshuka. "Mwanangu, nyumba ile hailaliki. Huwezi kunichorea baraza?"

"Naweza, baba mdogo. Lakini itataka nguzo."

"Nguzo nitapata wapi? Mikaratusi imebaki ile ya Mpepai tu."

"Kaombe sengu," nikamwambia. "Si ndipo palipotamkwa?"

Akaenda, akaomba miti. Mzee wa ukoo akamuuliza mbele ya wote, mikono bado ina maji: "Miti ya nani?" Wanasema alikohoa sana. Kisha akasema, "Ya shemeji." Mzee akasema hakusikia vizuri. Akarudia.

Wakamwita mama kutoka jikoni, aseme mwenyewe kama anatoa. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akamtazama shemeji yake, akasema atafikiria. Anafikiria mpaka leo.