Kiatu cha Klachi

Masrial ameendesha lori la kabichi kutoka Alahan Panjang hadi Padang kwa miaka ishirini na minane, na miaka yote hiyo ameendesha pekupeku. Husema unyayo wake huisikia klachi ikishika kabla injini yenyewe haijajua. Mara moja tu aliendesha na viatu, vipya, zawadi ya mkewe, na kwenye kona za mlima wa Sitinjau alikanyaga breki na mafuta kwa pamoja, akaingia na lori zima katika kibanda cha chipsi za muhogo. Hakuna aliyeumia.

"Wenzangu Mungu amewapa akili kichwani," huwaambia madereva. "Mimi aliniwekea miguuni, na si nyingi."

Baadaye alinunua gari dogo kuukuu, akalitandika zulia, na hapo akapata tabia ya pili. Gari lenye zulia ni nyumba, na nyumba haiingiwi na viatu. Kwa hiyo huvua ndala mlangoni, huingia, huondoka, na ndala hubaki barabarani zikimtazama. Amekwisha kuziacha kwa kinyozi, zahanati, na mbele ya ofisi ya leseni. Kwenye kituo cha mafuta cha Solok, Deswita, mama anayejaza mafuta, alimpigilia msumari wake mwenyewe ukutani, kando ya mtungi wa kuzimia moto, ili akizisahau amtundikie hapo.

Yote hayo yalikuwa ya kuchekesha mpaka mpwa wake Resti alipochumbiwa.

Milimani kule, upande wa bibi harusi ndio unaokwenda kumchukua bwana harusi kwao, na msemaji wao ni mjomba. Dada mkubwa wa ukoo, Yusmaini, ndiye aliyemletea Masrial habari hiyo. Masrial alimkumbusha kwamba hotuba yake ndefu kuliko zote ilikuwa mbele ya askari wa barabarani, na haikumsaidia.

"Wajomba wenye ulimi wamekufa au wako Jakarta," Yusmaini alimwambia. "Umebaki wewe."

"Basi ngojeni nife na mimi."

"Harusi ni Jumamosi."

Mwalimu mstaafu alimwandikia maneno: salamu, methali nne, ombi. Yasipotamkwa na kujibiwa, bwana harusi hakabidhiwi, na waliokwenda kumchukua hurudi mikono mitupu. Aibu ya namna hiyo haizeeki. Nayo ndoa ilikuwa ifungwe mara baada ya sala ya adhuhuri.

Masrial aliikunja karatasi akaitia katika kiatu cha kushoto, kile cha klachi, kisha viatu akaviweka chini ya kiti. Angeendesha pekupeku, akifika na kuvaa, vidole vingeigusa karatasi, naye angekumbuka kuisoma. Aliuona huo kuwa mpango bora kuliko wote aliowahi kubuni, na huenda ni kweli.

Solok alisimama kujaza mafuta. Yusmaini, aliyekaa nyuma na sinia la tambuu mapajani, alimkataza kushuka pekupeku na suti. Masrial akavaa viatu, akaenda kulipa. Kila hatua aliisikia karatasi ikikwaruza chini ya vidole, akaridhika kwamba mpango unafanya kazi. Akarudi garini, akaondoka, na magari matano ya ndugu yakimfuata.

Sawahlunto, mbele ya nyumba ya bwana harusi, mguu wake wa kushoto ulipapasa chini ya kiti. Ukapapasa tena.

"Karatasi iko wapi?" Yusmaini aliuliza.

"Ndani ya kiatu."

"Na kiatu?"

"Kinajaza mafuta, Dada."

Yusmaini alimpa sinia. "Panda ngazi."

Hakuna aliyeona kasoro. Watu wote walikuwa wakivua viatu chini ya ngazi; Masrial peke yake ndiye aliyefika akiwa tayari. Walikaa mkekani. Datuk Rajo Lelo, mkuu wa ukoo aliyeusemea upande wa mume, alizungumza robo saa nzima bila karatasi, kila neno mahali pake. Kisha akamgeukia Masrial.

Masrial alilisogeza sinia mbele, akatoa salamu. Methali ya kwanza ilianza na mto. Mto ulifanya nini, hakukumbuka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiukanyaga mkeka, ukitafuta gia nyingine.

"Datuk, nisikudanganye," alisema. "Maneno nilikuja nayo. Nimeyaacha Solok, kwenye kituo cha mafuta, ndani ya kiatu."

Nyuma mtu mmoja alikohoa, kikohozi chenye kicheko ndani yake.

"Kwa nini ulivua kiatu?" Datuk aliuliza.

"Siendeshi navyo, Datuk. Nikiendesha navyo naingia kwenye maduka ya watu."

Datuk alichukua tambuu, akatafuna bila haraka. Yusmaini alitazama saa ya ukutani.

"Mila inataka maneno yatamkwe na yajibiwe kabla kijana wetu hajafika kwenu," Datuk alisema mwishowe. "Haikusema wapi." Akawageukia watu wake. "Nitafutieni viatu vyangu."

Magari tisa yaliingia kituoni Solok kwa mfuatano. Deswita alikuwa amevitundika viatu kwenye msumari.

"Mjomba, leo umeacha vya bei," alisema. "Na barua ndani."

"Umeisoma?"

"Methali ya tatu haisomeki. Jasho."

Masrial alivaa, akasimama kati ya pampu ya dizeli na pampu ya upepo, Yusmaini kando yake na sinia. Akasoma. Mto, kumbe, haukatai kijito. Kwenye methali ya tatu alikwama, Datuk akaimalizia, kisha akayajibu maneno yote kwa ukamilifu kana kwamba yuko mkekani kwake. Dereva mmoja wa lori la mchanga alizima injini ili wasikike.

Ilikuwa saa tano kasoro. Masrial aliufungua mlango, akaketi, akatia gia ya kwanza.

"Ngoja," Yusmaini alisema. "Bwana harusi hajaingia."

Fadlil, bwana harusi, alikuwa ameinama mlangoni kwa dereva, amevaa mavazi yake ya dhahabu, kilemba kikiyumba. Aliinuka, akazunguka gari, akaingia na kuweka mapajani jozi ya viatu vyeusi alivyoviokota pale chini.

"Twende, Mjomba," alisema.

Masrial aliiachia klachi polepole kwa unyayo, na gari likaondoka bila kutikisika hata kidogo. Hadi leo husema kwamba siku ile hilo ndilo jambo pekee alilolifanya sawasawa.