Mafuta ya Kupaka Risasi

Mume wangu alikuwa na fahari moja tu duniani, nayo ilikuwa Kiswahili changu. Akipata wageni pale Ijara aliwaambia kuwa mkewe anaongea kama redio, na mimi, badala ya kumnyamazisha, nilikaza shingo na kuongea zaidi. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane. Yeye hakuingia shule hata siku moja. Akija daktari wa mifugo, akija mchimba visima, aliyeitwa kutafsiri ni mimi. Na haya nayaandika kwa Kiswahili hicho hicho, kwa makusudi, maana yeye hawezi kuyasoma.

Ukame ule ulitumaliza. Ng'ombe wetu walikufa mmoja mmoja mpaka wakabaki watatu, na kati yao mmoja tu ndiye alikuwa na maziwa, kikombe kimoja asubuhi. Kikombe hicho kilikuwa cha binti yetu wa miezi kumi, kwa sababu matiti yangu yalikuwa yamekauka. Wanyama wa msituni nao walikuwa wamekufa au wamehama, na simba waliokuwa wakiwategemea wakaanza kuja mpaka kwenye ua wetu wa miiba. Walishavunja ua wa jirani mara mbili. Wakimchukua yule ng'ombe, tungemzika mtoto. Tulilijua hilo sote wawili na hatukuwa na haja ya kuambiana.

Baba mkwe alikuwa ametuachia bunduki kuukuu na maganda matupu ya risasi. Sheria inasemaje kuhusu bunduki ile najua, na yeyote ambaye hajawahi kuhesabu mbavu za mwanawe kwa kidole asinisumbue. Pale kituo cha maji alikuwepo mzee mmoja wa bara, mwanajeshi mstaafu, aliyetengeneza mashine za kuvuta maji. Mume wangu alisikia kwamba mzee huyo anajua kuzitengeneza risasi kwa mkono. Tukaenda kumwomba. Alikataa. Tukarudi, akakataa tena. Mara ya tatu alimtazama mtoto mgongoni kwangu, akafuta meza yake kwa kiganja, akasema tuingie.

"Ni za kumtisha mnyama tu," alituonya. "Nikisikia vingine, sisi si marafiki tena."

Waliyeyusha risasi ya betri kuukuu kwenye makaa, wakaimimina kwenye kalibu yake. Nakumbuka nilicheka moyoni kwamba Kiswahili kina neno moja tu, risasi, kwa madini yenyewe na kwa kile kinachotoka mtutuni. Nilijiona mjanja kwa kuliona hilo.

"Bole bole, mzee," mume wangu alimwambia kwa Kiswahili chake. "Wewe nafanya, mimi naangalia."

Mzee akaiinua moja iliyokwisha kupoa, akatuonyesha mifereji iliyoizunguka. "Hii ikipita mtutuni kavu inachubuka. Lazima uipake. Chukua mafuta na nta, yeyusha pamoja, jaza hapa kwenye mifereji. Ukishaiweka kwenye ganda, bana mdomo wa ganda na koleo, ikae imara isicheze. Mama, mwambie vizuri hapo."

Neno nta sikulijua. Shuleni halikunifikia, au lilipita siku nilipokuwa nachunga. Ningeuliza. Mdomo ulikuwa wangu, na mzee alikuwa amesimama pale pale akisubiri. Lakini mume wangu alikuwa ananitazama kwa ile fahari yake, nami nikaona aibu kusema mbele yake kwamba kuna kitu sikukielewa. Nikaliruka. Likabaki mafuta peke yake, na mafuta kwa Kiswahili ni kila kitu: ya kupikia, ya gari, ya mnyama. Kisomali kina neno kwa kila moja. Ilinibidi nichague, na nilichagua lile la heshima kuliko yote nyumbani kwetu. Nikamwambia mume wangu: subag. Yaani samli.

Kesho yake asubuhi, nyumbani, samli yetu ilikuwa imebaki kidogo kwenye kitako cha kibuyu. Kila jioni nilimlambisha mtoto kwenye ncha ya kidole. Nilipoanza kuikomba, mume wangu alinishika mkono.

"Naa, hiyo ni ya mtoto."

"Na risasi ni za nani?" nikamjibu, naye akaniachia.

Nilizipaka zote sita, mifereji ikajaa vizuri, maana asubuhi ile kulikuwa na ubaridi na samli ilikuwa imeganda. Yeye akazitia kwenye maganda, ambayo mzee alikuwa ameshatujazia baruti, na kuanza kubana kwa koleo la kuazima. Sijapata kumwona mtu akifanya kazi kwa uangalifu kama ule. Alibana kidogo, akageuza, akabana tena, akapitisha ukucha kuzunguka mdomo wa ganda kutafuta penye ulegevu. Moja ilimtatiza, akaifungua na kuirudia. Alipomaliza, vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa koleo, akaviloweka majini akitabasamu.

Tulizitundika ndani ya kopo. Siku ya tatu, adhuhuri, joto la kwetu likiwa pale linapokuwaga, nilikuta kopo limelowa mafuta chini. Nilizitoa nikazifuta kwa kitambaa moja baada ya nyingine. Zikang'aa. Nilifurahi jinsi zilivyong'aa.

Simba alikuja alfajiri, tulipokuwa ndiyo kwanza tumemaliza kuswali. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona kila kitu, na nilikiona. Mume wangu alisimama mbele ya ng'ombe, akaelekeza mtutu juu, akafyatua. Bunduki ikatoa mlio mdogo mkavu, basi. Akatia nyingine. Mlio ule ule. Alikuwa anaingiza ya tatu, kichwa amekiinamisha, simba alipomrukia. Aliinua mkono wa kulia kujikinga. Majirani walikuja na vinga vya moto na mabati, wakapiga kelele mpaka yule mnyama akamwachia.

Ng'ombe hakuguswa. Binti yetu yu hai, ana meno yote na mdomo mrefu kama wangu. Mkono wa mume wangu ulikatwa Garissa, chini kidogo ya kiwiko.

Tulihamia Garissa kwa sababu ya kidonda, ambacho kiligoma kufunga. Mtu akatushauri asali. Nilikwenda sokoni, na muuza asali akanimiminia kwenye chupa, kisha akanyoosha kipande cha sega. "Abaayo, dada yangu, usitie nta kwenye kidonda," alisema. "Kamua, nta utupe."

Nikamuuliza nta ni nini. Nilimuuliza yeye, mtu nisiyemjua, bila aibu yoyote.

"Hii hapa. Kwetu ni shamac."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilishika kile kipande kwenye jua la saa saba na hakikuyeyuka.

Nilirudi nyumbani na chupa yangu, sikusema. Kesho yake sikusema. Mume wangu alikuwa tayari ana maelezo yake: hakubana vizuri. Alikuwa anawaeleza watu waliokuja kumpa pole, akionyesha kwa mkono uliobaki jinsi alivyoshika koleo, na wapi pengine alilegeza. Mimi nilikuwa nawapakulia chai.

Juzi yule mzee alipiga simu, kutoka kwao bara. Mume wangu alifurahi sana, akanipa simu nitafsiri, akasogea karibu yangu kwenye mkeka. Nikaiweka sikioni.

"Mama, jambo hili limeninyima raha," mzee alisema. "Mlipaka mafuta gani? Isije ikawa samli. Samli inayeyuka kwa joto la huko, inaingia kwenye baruti, inaiua. Muulize, tafadhali."

"Anasemaje?" mume wangu akauliza.

"Anauliza kama mkono bado unauma."

Alijishika kiwiko.

"Mwambie hauumi," alisema. "Mwambie ule uliokosea kubana ndio ulioondoka, kwa hiyo sina wa kumlaumu."

Hilo nilimtafsiria mzee lote, wala sikuruka neno.