Jembe la Mayu Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini, kijijini Sapiwi, nilifika na baiskeli, Biblia, na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, nikapangwa kuwa mwinjilisti wa mtaa, yaani mlezi wa kusanyiko dogo ambalo mchungaji hulifikia mara moja kwa mwezi. Mchungaji wa ushirika, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alinikabidhi daftari la wanafunzi wa ubatizo akasema, "Wafundishe mambo ya msingi. Usiwachoshe."

Mambo hayo hata ukiniamsha usingizini ningeyataja: Mungu mmoja katika nafsi tatu, Biblia ni neno lake, Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka, naye atarudi, mtu huokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, si kwa matendo. Hilo la mwisho nililifundisha hadi jasho linanitoka.

Sasa, kanisa lilikuwa na shamba la pamba, la kupatia mabati ya paa. Pamba haisubiri palizi. Ukichelewa, majani yanakucheka. Nami kwa bidii ya ujana nikatunga utaratibu wangu: kila mwanafunzi wa ubatizo alime Jumamosi, nimwekee alama ya vema kwenye daftari. Asiye na alama habatizwi. Watu walilima! Pamba ikastawi, nami nikajiona mtume.

Mmoja wa wanafunzi alikuwa Mayu Kabula (mayu ndiyo mama kwa wenyeji wa kule), mwanamke wa makamo aliyevunjika nyonga alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alitembea kwa fimbo. Hakukosa somo hata moja, lakini kulima hakuweza, na mstari wake daftarini ulikuwa mtupu. Kila nilipolifungua aliutazama, nami nilijifanya sioni.

Ikafika siku ya usaili, mchungaji anapowahoji wanafunzi kabla ya kuwabatiza. Alimuuliza kila mmoja mtu anaokolewa kwa njia gani. "Kwa neema, kwa njia ya imani," wakajibu mmoja baada ya mwingine. Kichwa changu kikavimba.

"Na wewe, mayu?"

"Kwa kulima pamba ya kanisa, baba."

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka, machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mimi sitaokoka. Nyonga hii haikubali kuinama. Mwinjilisti ana daftari, mstari wangu hauna kitu."

Kicheko kikakatika. Mchungaji akanyoosha mkono, nikampa daftari. Nilitamani ardhi inimeze.

"Alama hizi ni za nini?"

"Za shamba, mchungaji."

"Yesu alipomaliza kazi msalabani, alibakiza palizi?"

Na chuoni somo hilohilo nililifaulu vizuri.

Akamgeukia mama. "Mayu, unamwamini Yesu?"

"Namwamini, baba. Nisingemwamini ningekuja huku na nyonga hii?"

"Basi Jumapili utabatizwa. Aliyefeli usaili ni huyu hapa."

Nilipiga magoti nikamwomba mama msamaha mbele ya wote. Akanigonga begani kwa fimbo, si kwa nguvu sana, wala si polepole sana. "Inuka, ng'wanone, mwanangu. Na wewe bado mwanafunzi."

Jumapili tulibatiza lamboni, kwa maji mengi, mtu anazamishwa mwili mzima. Ng'ombe walisimama ng'ambo wakingoja zamu yao ya kunywa. Mayu Kabula tulimshika mimi na mchungaji. Alipoibuka alipiga kigelegele kabla hata hajafuta uso, ng'ombe wakatimua mbio, na wachungaji wao wakatulaumu mchana kutwa. Sijawahi kufurahi vile.

Baadaye nilihamishiwa Migato, kisha Bariadi mjini. Mashamba ya kanisa tuliendelea kuyalima, tena kwa nyimbo, ila daftari la ubatizo halikuona tena alama ya jembe.

Nilipostaafu, washirika waliniaga kwa blanketi na mbuzi. Mayu Kabula alikuja kutoka Sapiwi akishikwa mkono na wajukuu, kichwa cheupe kabisa, akanipa kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge. Nikafungua: jembe jipya, na mpini wake.

"Wabeja, mayu," nilimshukuru huku nikicheka na kulia. "La nini tena?"

"Ulimie viazi vyako, ng'wanone. Lakini siku ukiitwa juu, liache nyumbani. Kule ulishalimiwa."