Kiapo cha Kiingereza cha Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini, Jinja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kasisi Mkuu alinikabidhi kitabu cha sala kilichochakaa. "Binti, ukishika hiki vizuri, askari watakusikiliza." Kazi yangu ilikuwa ukalimani wa ibada: yeye asome Kiingereza, mimi niseme Kiswahili, maana kwenye kambi ya magereza kila mtu alikuwa na lugha ya kwao. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha mababu. Ukisema na mtu mmoja, "wewe" ilikuwa "thou", na kitenzi kikabadilika kuifuata: "hast" ni una, "wilt" ni utakubali. Nilivikariri nikisonga ugali wa posho, nikaunguza sufuria mbili, nikajiona msomi.

Baadaye nikahamishiwa Mbale, chini ya Kasisi Kijana, mtu mwema mwenye haraka, aliyekuja na kitabu kipya na kukifungia cha zamani kabatini. Sikununa. Haya, nilinuna kidogo.

Huko Sajenti mmoja alitaka kufunga ndoa na Nabwire, aliyekwisha kuzaa naye watoto watatu. Kwa kuwa hawakuwa na ndoa ya kanisa, miaka tisa Nabwire alibaki kitini wenzake wakienda kushiriki meza ya Bwana. Siku ya harusi baba yake, muuza samaki wa Masese, alisimama Kasisi alipoanza tu kusoma kiapo bila "thou".

"Reverendi, hii Kingereza ya juzi haifungi mutu. Mimi walinifunga na ile ya zamani, mpaka leo niko na bibi yangu. Bila ile, mimi hapana toa binti."

"Mzee, maana ni ile ile."

"Basi soma ile."

Ufunguo wa kabati alikuwa nao mzee wa kanisa, naye alikuwa safarini. Nabwire akaanza kulia, na roho ikaniuma. Nikamnong'oneza Kasisi, "Soma tu chako, Reverendi."

Akasoma Kiingereza kipya. Nikakigeuza kuwa cha zamani, kwa sauti na bila kitabu, "thou" na "wilt" kila mahali pake, kisha ndipo nikatoa Kiswahili. Kukalimani Kiingereza kwa Kiingereza hakuna aliyewahi kunifundisha.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaushika mkono wa binti yake, akampa Sajenti.

"Sasa nimeelewa," alisema. Kiingereza hakujua hata neno moja.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza vitenzi vile vilinifaa nini. Nawaambia kwamba Jumapili iliyofuata Nabwire aliinuka kitini, akanipita kwenda kwenye meza ya Bwana, mara ya kwanza kwa miaka tisa.