Kiitaliano Changu cha Salamu

Ipo siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, nayo ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Nilisimama mbele ya kijiji kizima nimevaa suruali ya pasi, nikasoma ukurasa mzima wa Kiitaliano kwa sauti nzuri kama padri kwenye misa, na watu wakanipigia makofi. Sikuelewa hata mstari mmoja.

Naanzia hapo kwa sababu ya juzi. Ulikuja na simu yako mkononi ukaniambia umepata kazi kwenye zahanati ya masista wa Kiitaliano, kwa hiyo, "Mzee, nipe maneno kumi tu ya kuanzia." Kumi tu! Nikakupa kitenzi cha kuwa, ukapiga miayo. Nikakupa kitenzi cha kuwa na, ukatazama saa. Ukasema hayo ya sarufi yatakuja yenyewe huko mbele. Nilikufukuza, na sikuombi radhi. Hasira imepungua lakini haijaisha, basi kaa usome nikwambie yalikuja namna gani kwangu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Magu, miaka ile watu walipobebwa na malori pamoja na kuku wao na milango yao. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka juu ya mwinuko, mbali na ziwa, maana aliyeichora ile mistari hakuwa mchota maji. Wanawake walishuka kwenye mawe alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, kisha waende shamba la pamoja.

Dada yangu Kabula alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na sasa alibeba ya tatu, mwezi wa tano. Mkunga wetu, Mama Kokugonza, alikuwa Mhaya aliyefanya kazi miaka mingi na masista wa Kiitaliano huko Bukoba kabla ya kuletwa zahanati ya kwetu. Alimwambia Kabula waziwazi kwamba asibebe ndoo tena mpaka ajifungue. Mume wa Kabula alikuwa kibaruani Mwanza mjini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Majirani walimsaidia siku walizoweza. Na mimi, mdogo wake, mwenye miguu miwili na shingo nzima? Kijana wa kidato cha nne na ndoo kichwani kwenye njia ya wanawake, wangenicheka mpaka Magu mjini. Hilo nalo liandike kwenye makosa yangu, tena liandike la kwanza.

Ndipo kijiji kikapata msaada wa pampu, ije na fundi wake, Mtaliano mtu mzima aliyeitwa Renzo. Ingevuta maji kutoka ziwani mpaka tangini, na bomba moja lingekuwa hatua thelathini kutoka mlango wa Kabula. Kiswahili cha Renzo kilikuwa maneno matatu: maji, mzuri, na polepole. Angejenga kwa miezi miwili, aonyeshe namna ya kuitumia, kisha avuke ziwa kwa kivuko cha Busisi kwenda kujenga kwingine upande wa Geita. Mwenyekiti wa kijiji akasema, Masanja ana kidato cha nne, apewe lugha. Nikaondolewa zamu za alasiri shambani, nikapelekwa kwa Mama Kokugonza.

Alinifundishia kwenye benchi nyuma ya zahanati, huku anachemsha sindano kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Alinipa kwanza salamu, kwa sababu alijua mtu wa kwetu hawezi kukaa bila salamu. *Buongiorno* mchana, *buonasera* jua likielekea kuzama, *come sta* kumjulia hali mtu unayemheshimu, *grazie* ya asante, *per favore* ya tafadhali. Nikazimeza kwa siku mbili. Lugha yao, mwanangu, ina irabu zilezile tano za kwetu, na maneno yao mengi yanaishia kwa irabu kama yetu. Ukishajua kwamba *ch* yao ni *k* na *ci* yao ni *chi*, unaweza kulisoma gazeti lao lote kwa sauti, na asiyejua atadhani umezaliwa huko. Hapo ndipo shetani alipokaa. Mdomo wangu ulitangulia, kichwa kikabaki nyuma.

Mama Kokugonza akaja na sarufi. *Io sono, tu sei, lui è*: mimi ni, wewe ni, yeye ni. *Io ho, tu hai, lui ha*: nina, una, ana. Nikaanza kulalamika. Nikasema hawa watu wana wazimu, meza yao ni ya kike na kisu chao ni cha kiume, nani atakariri jinsia ya kila kitu nyumbani?

"Wewe umenyonya ngeli zote za Kiswahili na za Kisukuma juu yake," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "leo mafungu mawili ndiyo yanakuua?"

Alinipa sentensi moja akataka niiandike kila siku juu ya ukurasa: *Non ho capito. Può ripetere, per favore?* Sikuelewa. Unaweza kurudia, tafadhali? Nikaiandika siku tatu, nikaacha. Aliponiuliza nikamjibu kwamba mimi sikutumwa na kijiji kwenda kutangaza ujinga. Akasema mtu asiyeweza kusema sentensi hiyo asitumwe hata chumvi dukani.

Basi, hayo nayaona leo. Wakati ule nilikuwa nazunguka kijijini na *buongiorno* yangu. Wasichana wakaniita Mtaliano. Renzo mwenyewe, nilipomwamkia asubuhi kwenye mitaro ya mabomba, aliinua kofia akacheka kwa furaha, akaanza kunimwagia maneno kama mvua ya masika. Nilitikisa kichwa kukubali na kusema *sì, signore*, ndiyo bwana. Alikuwa na umri wa baba yangu. Kwetu mzee akisema, kijana huitikia. Humkatizi mzee kumwambia hujamwelewa. Ndivyo nilivyojidanganya. Heshima ilikuwa shuka tu, chini yake alilala Masanja na kiburi chake.

Na sikia kichekesho hiki. Siku mbili kwa wiki mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, nikifundisha wazee kusoma. Kabula alikaa mbele na tumbo lake, na kila nilipofuta ubao alisema, "Mwalimu, rudia." Hakuona haya. Mbele ya wakwe zake, mbele ya mwenyekiti, rudia. Siku moja nilimwambia, "Dada, unanichosha." Darasa likacheka. Naye akajibu, "Umechoka nini, hiyo si ndoo." Wakacheka zaidi, nami nikarudia kwa hasira.

Siku ya makabidhiano ikafika. Kijiji kizima kilishuka ufukweni, na ng'ombe akachinjwa. Renzo akanipa kitabu cha pampu, na mwenyekiti akaniomba nikisome ili watu wasikie. Nikasoma. Loo, nilisoma! Nilipandisha na kushusha sauti mahali pote palipofaa. Renzo alinitazama kama baba anayemwona mwanawe akihitimu, na naamini hapo ndipo alipoondoa wasiwasi wake wote. Kisha akanionyesha. Akagusa hiki, akafungua kile, akajaza maji mahali fulani kwa kopo, akaongea haraka kwa sababu alidhani anaongea na mtu. Mara tatu aliniuliza: "*Hai capito?*" Umeelewa?

Mama Kokugonza alikuwa amesimama na akinamama, ananitazama. Watu wote walikuwa wananitazama.

"*Sì*," nikasema. "*Ho capito*."

Mwenyekiti akauliza amesema nini. Nikasema, anasema ni mashine nzuri, tuitunze. Hata leo nikikumbuka tafsiri hiyo nasikia joto masikioni.

Renzo akaondoka kesho yake. Siku kumi na moja tulipata maji. Kabula alichota kwa birika, akifanya madaha, akipita kwangu kunionyesha kwamba hana kitu kichwani. Siku ya kumi na mbili nikaiwasha injini kama kawaida, ikanguruma, maji hayakutoka. Nikangoja. Nikaiongeza mwendo. Nikaenda kukaa kivulini, nikijiambia yatakuja. Kilichokuja ni harufu ya mpira ulioungua na moshi, na pampu ikakwama isigeuke tena.

Kamati ikakaa. Nikasema mashine ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Wakaniamini, nani mwingine angejua? Wakaudhika kwamba wazungu wametuletea vyuma vya kutupwa, wakaazimia ipelekwe barua ya lawama kwa Renzo huko ng'ambo ya Busisi. Na barua, bila shaka, aiandike Masanja kwa Kiitaliano.

Debe tupu, mwanangu, huvuma mpaka siku litakapoombwa maji. Nilikaa na karatasi siku mbili. Niliandika *Buongiorno, signore. Come sta?* nikaishia hapo. Siku ya tatu nikaenda na kitabu kwa Mama Kokugonza, nikamwomba anisaidie maneno machache tu.

Aliketi akafuta mikono. Akafungua kitabu ukurasa uleule niliopigiwa makofi, akaweka kidole, akasoma polepole: *Riempire la pompa d'acqua prima dell'avviamento. Non avviare mai a secco.* Akanitazama.

"*Acqua* unaijua?"

"Naijua, mama. Ni maji."

"*Pompa*?"

"Pampu."

"Jaza pampu maji kabla ya kuiwasha," akasema. "Usiiwashe kavu kamwe. Imeandikwa, Masanja. Na mtu alikuonyesha kwa kopo."

Yale maji aliyoyajaza Renzo kwa mkono wake ndiyo yaliyotusukuma siku kumi na moja. Yalipovuja yakaisha, mimi nikaichoma. Nilijua maneno mawili katika mstari ule, na kama ningejua la tatu, au ningeuliza, Kabula asingekuwa ameshuka ziwani asubuhi ile.

Kwa maana alikuwa ameshuka. Majirani walirudi kwenye ndoo zao na hawakuweza kumbebea kila siku. Aliteleza kwenye mawe. Nilikuwa bado kwenye benchi lile, kitabu kikiwa wazi, wakamleta amebebwa kwenye kitanda cha kamba. Mama Kokugonza aliinuka akaniambia nitoke. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia.

Sitaandika mengi hapo.

Baada ya siku saba niliomba mkutano wa kijiji. Nikasema pampu haikuwa mbovu, mbovu ni mimi. Niliulizwa mara tatu nikajibu uongo mara tatu. Nilitaraji watanipiga. Wangenipiga ingekuwa nafuu. Mwenyekiti aliiomba ile barua ya lawama niliyoianza, akaichana vipande vidogo sana, akasema nivuke Busisi mwenyewe nikamwambie fundi kwa kinywa changu.

Nilivuka. Nilimkuta Renzo chini ya tangi, nikamwamkia, akafurahi, akaanza mvua yake. Safari hii nilinyoosha mkono nikamzuia mzee wa watu katikati ya maneno, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, nikasema sentensi ile ya Mama Kokugonza. Alirudia. Nikamwambia tena. Alirudia polepole. Alipoelewa kwamba sikuwa nimeelewa chochote tangu mwanzo, aliketi juu ya bomba akashika kichwa. Hakunitukana. Akaandika orodha ya vifaa vya kuagiza, na vilichukua msimu mzima wa pamba kufika.

Kabula hakuniambia neno juu ya mtoto, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Lakini pampu ilipopona alikuja ufukweni akasimama mbele yangu.

"Hicho kitabu," akasema, "kiandike chote kwa Kiswahili. Kisha unifundishe mimi."

Nikamwambia ni kurasa arobaini, tena si kazi ya mwanamke. Akasema hakuuliza ni kazi ya nani.

Hapo ndipo nilipojifunza Kiitaliano, mwanangu, na si kabla. Kila alasiri nilirudi kwenye benchi na vitenzi nilivyovidharau: kuwa, kuwa na, fungua, funga, jaza. Ukurasa mmoja ulikula wiki. Nilipompelekea Kabula, aliusoma kwa kidole, kwa ile elimu ya watu wazima niliyompa kwa hasira, akauliza kila kitu mara nne, na nisipojua jibu alikunja daftari akaniambia nenda kaulize, nitakungoja. Aliiendesha pampu ile miaka tisa bila kuungua tena. Hakujua neno hata moja la Kiitaliano, na alijifungua watoto wawili akiwa mwendeshaji wa maji ya kijiji.

Basi nasaha yangu ni hii, nami siipambi. Salamu jifunze, ni adabu, wala usiende kwa watu bila hodi. Lakini salamu ni mlango tu, na wewe unataka kulala mlangoni. Jifunze vitenzi vile viwili vinavyokupigisha miayo, kwa kuwa bila hivyo huwezi kusema wewe ni nani wala una nini. Usijisifu kwa matamshi. Kasuku naye anatamka. Na yule sista atakapokueleza dozi ya mgonjwa, ukiwa hukumwelewa, mkatize. Awe mzee, awe mzungu, pawe na watu mia wanakutazama. Aibu ya kuuliza hudumu kitambo cha kupepesa jicho. Ile nyingine mimi ninayo bado, na sasa nina miaka zaidi ya sabini.

Kesho njoo na daftari, si simu. Nitakukasirikia, jizoeze. Mungu akupe masikio kabla ya ulimi, akupe walimu wenye maneno makali na mikono laini, na kila utakayemhudumia kwa lugha hiyo arudi kwao na miguu yake mwenyewe.